Mkalimani wa Mama Yake

Gideoni alirudi nyumbani kwao karibu na Bahi akiwa amevaa kofia ya shule, na kofia hiyo hakuivua hata alipoinama kuingia mlango wa tembe la mjomba wake. Watoto walisema ni maringo. Maringo yalikuwepo, tusimtetee, lakini chini ya kofia kulikuwa na jambo jingine, nalo ni masikio. Ndewe zake zilitobolewa na kupanuliwa utotoni kama za kila Mgogo wa rika lake. Siku ya kwanza shuleni Mwalimu Bashiri alivichomoa vile vipande vya mti vilivyokuwa vimezijaza, akavitupa motoni, akasema serikali haisomeshi mbuzi. Tangu siku hiyo ndewe zilining'inia tupu, na kijana akajifunza kuivuta kofia chini mpaka zifichike.

Shule yenyewe ilikuwa Dodoma, si mbali na stesheni ya reli, nyumba ndefu ya mawe yenye bendera mbele yake. Mwalimu Bashiri alikuwa mtu wa Kondoa aliyesomea Tanga, akarudi bara na kanzu mbili nyeupe na Kiswahili cha kunyoosha. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeogopa kurudishwa alikotoka, na mtu wa namna hiyo ukimpa kiboko na watoto arobaini, atafanya kazi uliyomtuma na nyingine ambayo hukumtuma.

Kila asubuhi wanafunzi walisimama mstari, yeye akauliza, wao wakajibu kwa sauti moja. Nchi hii ni ya nani? Ya Kaisari. Nani baba wa mayatima? Kaisari. Mshenzi ni nani? Ni mtu anayeificha serikali mali yake na maneno yake. Mstaarabu ni nani? Ni mtu anayesema kweli mbele ya serikali, hata kweli hiyo ikiwa juu ya ndugu yake.

Jibu la baba wa mayatima ndilo Gideoni alilipenda. Baba yake alikufa kwa ndui yeye akiwa bado ananyonya, na mama akarudi kuishi kwa kaka yake, Ndahani, ambaye ndiye aliyemlea kijana. Lakini mjomba ni mjomba, na Kaisari, mfalme wa Wajerumani, alikuwa na picha ukutani, ana masharubu yaliyopinda juu na nishani kifua kizima. Mtoto ukimwambia neno moja kila siku kwa miaka minne, huku kiboko kikining'inia karibu na picha, mwisho wake hahitaji kuambiwa tena. Samaki mkunje angali mbichi. Na huyu alikunjwa akakunjika. Alikuwa wa kwanza darasani mwaka wa pili, wa tatu na wa nne.

Mwaka huo wa nne ulikuwa mwaka wa pili wa vita vya Wazungu. Askari walihitaji nyama, na amri ikasomwa mbele ya shule kwa Kiswahili: kila mwenye ng'ombe zaidi ya watano atatoa nusu kwa serikali, mwenye watano au pungufu haguswi. Luteni mmoja akapewa kazi ya kuzunguka vijijini upande wa Bahi. Kiswahili alikijua, cha kambini, lakini Kigogo hakukijua, na mkalimani wake alikuwa kitandani na homa. Mwalimu Bashiri akamtoa mwanafunzi wake bora. Gideoni, mwenye miaka kumi na saba, akatembea mbele pamoja na askari, akiwa na kofia kichwani na daftari kwapani.

Walifika kwa Ndahani alasiri, wakapiga hema nje ya kijiji. Kijana alipewa ruhusa ya kwenda kumsalimia mama yake. Mama alimkumbatia, akamwita kwa jina alilompa mwenyewe, Mahinyila, kwa maana hilo la Gideoni halikumkaa mdomoni. Mama huyu hakujua Kiswahili. Maisha yake yote yalikuwa ya Kigogo, uwele wake, mlenda wake na ng'ombe wake. Akamletea maziwa ya mgando kwenye kibuyu, na mwana akauliza kama hakuna kikombe.

Kisha akamtuliza, maana aliona ana wasiwasi. Akamweleza ile amri neno kwa neno, kwamba mwenye watano au pungufu haguswi, na yeye mama anao watatu tu, basi hakuna la kuogopa. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akamwambia kwa upole mambo ya ng'ombe amwachie mjomba wake. Gideoni akatabasamu. Ndivyo anavyotabasamu mtu anayejua kusoma mbele ya mtu asiyejua, tabasamu ambalo ningependa kulipiga kofi hata leo.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo kila mtoto wa Ugogo hulijua kabla hajaota meno ya pili. Mgogo mwenye akili hawaweki ng'ombe wake wote zizini kwake. Huwagawa. Wawili kwa shemeji, mmoja kwa rafiki ng'ambo ya mbuga, watatu kwa mtu wa ukoo aliye karibu na maji. Ugonjwa ukiingia zizi moja, mengine yatapona. Ukame ukipiga huku, kule kutakuwa na majani. Anayewatunza hukamua maziwa na kutumia samadi, lakini ng'ombe na ndama wao hubaki kwa mwenyewe. Na mgeni akiuliza hawa ng'ombe ni wa nani, mtunzaji hujibu: wangu. Huo si uongo. Ndiyo heshima ya kuaminiwa. Siri ya mtungi aijuaye kata, na mtu anayeitoa siri ya zizi mbele ya watu amemvua nguo aliyemwamini.

Zizi la Ndahani, kwa kuwa lilikuwa karibu na mbuga yenye maji, lilijaa amana za watu. Mlikuwa na ng'ombe ishirini na wawili. Sita ndio waliokuwa wake. Watatu walikuwa wa dada yake, mama yake Gideoni, na hao ndio waliokuwa kinga yake ya uzeeni, maana mjane wa Ugogo asiye na ng'ombe huishi kwa kuomba. Waliobaki walikuwa wa watu wa huku na huko, wenye wawili, wenye wanne. Ndahani hakupata kulalamika. Ng'ombe haelemewi na nunduye, ndivyo alivyokuwa akisema.

Asubuhi Luteni akakaa kwenye kiti cha kukunja mbele ya lango la zizi. Askari wanane walisimama nyuma yake, na watu wa kijiji wakakusanyika kwa mbali, wanaume mbele, wanawake wakiegemea ukuta wa tembe. Ndahani akasimama amejifunga mgolole wake, mrefu, mkavu, mikono nyuma. Luteni akauliza ng'ombe hawa ni wa nani. Gideoni akatafsiri. Mjomba akajibu kwa neno moja, na Gideoni akalitafsiri kama lilivyo: wangu, wote.

Luteni akaridhika. Nataka hili lieleweke vizuri. Yule Mzungu alikuwa ameridhika, kalamu iko mkononi, na alikwisha sema watachukua kumi na mmoja, mzee achague mwenyewe, upesi, kwani bado vijiji viwili. Mambo yalikuwa yamekwisha. Kijana alitakiwa kufunga mdomo wake tu, kazi ambayo hata jiwe linaiweza.

Lakini kichwani mwa Gideoni hesabu ilikuwa imewaka. Kumi na mmoja wa nini? Mjomba anao sita, atoe watatu. Mama anao watatu, haguswi. Wale wengine wote ni wa watu wenye wawili au wanne, hawaguswi. Kweli ikisemwa, serikali itachukua watatu na kuacha kumi na tisa. Mjomba hajui amri, maskini, hajasoma. Anajitia hasara kwa ushenzi wake wa kuficha. Naye yupo hapa, amesoma, ana ulimi wa serikali. Alimtazama mama yake pale ukutani, akauona uso utakavyong'aa atakapojua mwanawe amewaokoa. Kilichomsukuma kilikuwa upendo, tena upendo mkubwa. Ndiyo maana hadithi hii inauma.

Akapiga hatua mbele, akasimama kama walivyofundishwa, visigino pamoja.

"Bwana, ng'ombe hawa si wake wote. Sita tu ni wake. Wengine ni wa watu, kila mtu na wachache wake, chini ya watano. Watatu ni wa mama yangu, yule pale."

Watu wengi nyuma yake hawakuelewa, kwani alisema kwa Kiswahili. Mmoja alielewa. Huyo ni Hasani, jirani wa Ndahani, aliyekuwa mpagazi wa misafara zamani na kurudi na jina la Kiislamu na Kiswahili cha njiani. Hasani aliinua kichwa, akamtazama kijana kama mtu anayetazama moto umeshika paa.

Luteni aliweka kalamu chini. "Mzee anasema wake wote," alisema polepole. "Wewe unasema si wake. Mmoja anamdanganya Kaisari. Nani?"

Hilo Gideoni hakulifikiria. Shuleni kweli ilikuwa jibu, na baada ya jibu uliketi. Hakuna aliyemfundisha kwamba kweli ina miguu, ikitoka nje inakwenda kumkanyaga mtu. Alijibu kwa haraka, akitafuta pa kushika, kwamba mama yake ni shahidi, aulizwe yeye.

Mama akaitwa. Akaja mpaka mbele ya kiti, akasimama kati ya kaka yake na mwanawe. Alikuwa amekwisha elewa kila kitu, bila Kiswahili. Alimwona mwanawe akiwanyooshea kidole ng'ombe, halafu akimnyooshea yeye. Kaka yake akikaza taya. Askari mmoja akienda kuchukua kiboko hemani. Luteni akauliza kama kweli ana ng'ombe zizini humo. Gideoni akaligeuza swali kwa Kigogo.

Mama hakumtazama Mzungu. Alimtazama mwanawe, akasema taratibu, kama anavyosemeshwa mtoto aliye juu ya mti.

"Mahinyila, mwanangu, sikiliza. Mwambie ng'ombe wote ni wa kaka yangu. Mwambie wewe uliondoka hapa mdogo, ya zizi hili huyajui. Mwambie, mama anasema mwanangu amekosea, hajui kitu. Basi, yaishe."

Tazama alichokifanya mwanamke huyu. Katika dakika moja, mbele ya bunduki nane, aliwatafutia njia wote wawili. Kaka si mwongo, mwana si mwongo; mwana ni mjinga tu, na ujinga wa kijana hauchapwi hamsa ishirini, viboko ishirini na tano vya serikali. Askari wangecheka. Luteni angemtukana, labda angempiga kofi moja na kumwambia Mwalimu Bashiri atafute mwingine. Wangechukua ng'ombe wao kumi na mmoja, wangekwenda zao. Bei ya kuyamaliza yote ilikuwa maneno mawili, tena ya kutafsiri tu, hakutakiwa hata kuyatunga.

"Mama anasema nini?" Luteni aliuliza.

Hajui kitu. Gideoni aliyasikia maneno hayo yakisubiri mdomoni. Ayaseme yeye, wa kwanza darasani miaka mitatu? Aseme mbele ya Luteni, mbele ya askari waliomwita bwana mdogo njiani, kwamba ya kwao hayajui, na ya serikali kumbe hayajui vilevile? Akiyasema, ni nani basi chini ya kofia hii? Atabaki na masikio tu. Miaka minne walimwambia kwamba alikuja si mtu, wakamfanya mtu. Na sasa mama yake anamwomba akiri kwa ulimi uleule kwamba hakufanywa kitu. Msidhani aliogopa kiboko. Ningemsamehe kama angeogopa kiboko.

"Anasema ni kweli, Bwana," alisema. "Watatu ni wake."

Hasani akakohoa kwa mbali, akanyamaza. Bunduki zilikuwa nane, na yeye alikuwa na watoto.

Askari wakamlaza Ndahani chini mbele ya lango la zizi lake, kifudifudi, mgolole umevutwa mpaka kiunoni. Shaushi, mkubwa wa askari wale, akahesabu kwa sauti. Mzee hakupiga kelele. Kuanzia cha kumi na tano alianza kutoa mguno mfupi kila kiboko kiliposhuka, kama wa mtu anayebeba mzigo kupanda mlima. Ng'ombe walirudi nyuma wakajibana kwenye kona ya mbali. Mama hakumtazama kaka yake. Kuanzia moja mpaka ishirini na tano alimtazama mwanawe, bila hasira, kama anayejaribu kukumbuka amewahi kumwona wapi.

Shaushi alipomaliza, Luteni akaamuru zizi lifunguliwe, watolewe wote ishirini na wawili. Gideoni alimkimbilia. Akamkumbusha amri, neno kwa neno, alivyoikariri: mwenye watano au pungufu haguswi. Luteni hakukasirika. Alimweleza kama mwalimu mwema, kwamba amri ile ni ya watu wenye ng'ombe, na hawa ni ng'ombe waliofichwa, na kilichofichwa hakina mwenyewe isipokuwa Kaisari. Kisha akamshika bega. Akasema atamwandikia Mwalimu Bashiri barua kwamba amepata kijana mmoja mkweli katika nchi nzima ya waongo, na kwamba kijana huyo atapewa kazi bomani.

Ng'ombe wakasukumwa kuelekea stesheni. Walipita katikati ya watu wenyewe waliowaweka amana pale. Mzee mmoja alipitwa na ng'ombe wake wanne, mkono wake ukaguswa na mkia, akatazama chini. Mwanamke mmoja alipitwa na mtamba wake wa pekee. Hakuna aliyesema wangu. Hata katika saa ile, hakuna aliyekuwa tayari kumwongezea Ndahani kiboko cha ishirini na sita. Watu wasiojua hata herufi moja walikuwa na neno walilokubaliana, wakalishika mpaka vumbi la ng'ombe likatua.

Hasani alimfuata Gideoni pale alipobaki amesimama kando ya zizi tupu. Alisema naye kwa Kiswahili, ingawa wote wawili ni Wagogo, na hilo kijana alilitambua.

"Nilisikia aliyoyasema mama yako, na nilisikia uliyoyasema wewe," Hasani alimwambia. "Habari ya amri ilitufikia kabla yenu, na juzi mjomba wako alikwisha tuita. Alichagua kumi na mmoja wa kutoa. Wake sita wote, na watano wa sisi wanaume wenye nguvu, kwa ridhaa yetu. Wa mama yako hawakuwamo. Wa mjane hata mmoja hakuwamo."

Gideoni alifungua mdomo. Alitaka kusema hakujua. Ndilo neno aliloombwa asubuhi ile ile na mama yake, na sasa lilikuja lenyewe, tayari, bila kuitwa, wakati halina tena wa kulipokea. Hasani alimpa kisogo, akaenda kusaidia kumwinua Ndahani.

Jua lilipokuwa utosini askari walianza kung'oa hema, wakamwita Gideoni kwa filimbi. Akasema hataondoka bila kumuaga mama yake. Aliingia uani kwa mjomba akitembea polepole. Alikuwa amepanga maneno, kwa Kigogo, mengi. Angesema atapata kazi bomani, atanunua ng'ombe, si watatu, sita, atawarudisha. Angesema alitaka kuwaokoa. Angeomba aitwe Mahinyila.

Mama alikuwa kizingitini, amepiga magoti, anachota samli kwa vidole vyake kuipeleka ndani kwenye mgongo wa kaka yake. Alipoona kivuli aliinua uso. Aliona kofia, daftari, na nyuma yake askari aliyekuja kumharakisha. Akaweka chini kibuyu cha samli, akafuta mikono kwenye nguo yake, akainuka. Kulikuwa na maneno mawili ya Kiswahili ambayo kila mwanamke wa Ugogo alikuwa amejifunza kwa lazima, ya kumwambia akida akija, au mtu yeyote wa serikali, kusudi apite salama asiguse mtu. Mama alikunja magoti kidogo, macho chini, akayasema kwa taabu, silabi moja moja.

"Shikamoo, bwana."

Kijana alitaka kuanguka miguuni pake. Lakini alikuwa amesimama visigino pamoja bila kujijua, na ulimi wake ulikuwa umezoea kutochelewesha jibu.

"Marahaba," alisema.

Mama akaitikia kwa kichwa, akaokota kibuyu chake, akarudi ndani kwa kaka yake.